Picha ya Tabora Iliyopigwa Bila Kufika Tabora

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita tulipoagana hapa nilikuahidi kwamba leo tungeendelea na mazungumzo yetu juu ya bajeti ya jikoni. Nakuomba uniwie radhi. Bajeti itangoja hadi juma lijalo, kwani limetokea jambo nyumbani kwa jirani yangu ambalo limeniondolea usingizi siku mbili tatu, na naona si haki nikufiche wewe ambaye nimezoea kukueleza hata habari za kuku wangu.

Jirani huyu ni mzee aliyekwisha kupita miaka 80, dereva wa gari moshi mstaafu. Aliingia kazini enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki, na ushirikiano ule ulipovunjika mwaka 1977 akaendelea na Shirika la Reli Tanzania mpaka alipostaafu. Kwao ni Tabora, katika mtaa wa Ng'ambo, lakini magoti yamemkatalia safari, naye anaishi hapa Dar es Salaam kwa mwanawe. Ukikaa naye barazani jioni atakutajia stesheni za Reli ya Kati moja baada ya nyingine, kama mtu anayevuta tasbihi: Manyoni, Itigi, Tura, Malongwe, Goweko, Igalula. Akifika hapo hunyamaza kidogo kabla ya kulitaja jina la Tabora, kana kwamba anashika breki.

Mzee ana mjukuu, kijana wa miaka 17 anayengoja matokeo yake ya kidato cha nne. Baba yake alidunduliza fedha akamnunulia kompyuta iliyokwisha kutumika, kwa nia ya kwamba ajifunze uhasibu. Uhasibu anajifunza, sikatai. Lakini usiku, watu wakishalala, kijana hurusha ndege.

Ndege zenyewe ni za mchezo wa kompyuta uitwao Microsoft Flight Simulator, toleo lililotoka mwezi wa Agosti 2020. Katika mchezo huo hakuna adui wa kupiga wala hazina ya kuokota. Mchezaji hupewa ndege na dunia nzima, basi. Waliouunda walichukua picha zilizopigwa kutoka angani na kwenye setilaiti, zile za ramani za Bing, wakazitandaza juu ya umbo la nchi, vilima mahali pake na mabonde mahali pake. Viwanja vya ndege vilivyomo vinatajwa kuwa kama 37,000, na cha Tabora kimo. Mtu aweza kuondoka pwani ya Bagamoyo akafuata njia ya zamani ya misafara mpaka Tabora na kuendelea hadi Ujiji, na bado akawahi kulala. Burton na Speke waliofuata njia hiyo kwa miguu walifika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakiwa wamekaa njiani zaidi ya miezi 4.

Nikiri kwamba mimi, kama wazazi wengi wa rika langu, nilikuwa nimezoea kuihesabu michezo hii kuwa upotevu wa wakati na wa umeme. Sikubadili mawazo kwa kusoma kitabu. Nilibadili kwa kisa hiki.

Usiku mmoja mzee aliamka kwenda kunywa maji, akapita nyuma ya kiti cha mjukuu wake, akaona mstari mwembamba unakata pori. Akasimama.

“Hiyo ni reli ya wapi?”

“Ni yetu, babu. Hapa ni Igalula.”

Mzee akavuta kiti.

Tangu usiku ule kazi ya kijana ikawa ni kumpigia babu yake picha za Tabora. Alitaka zitoke nzuri, zichapwe kwa mpiga picha, zitiwe fremu na kutundikwa ukutani mbele ya kitanda cha mzee. Nami nilialikwa kama shahidi, halafu nikawa mshauri, halafu, kama utakavyoona, nikawa mtu wa kuulizwa swali gumu.

Kwanza nikueleze kazi hiyo inavyofanywa, maana yamkini nyumbani kwako pia yumo kijana wa namna hii, na ni afadhali ujue anafanya nini kuliko kumgombeza kwa kubahatisha. Kupiga picha ya skrini, yaani kukinasa kile kilichoko kwenye kioo cha kompyuta kwa nukta ile, ni jambo jepesi mno. Katika kompyuta za Windows hubonyezwa kitufe chenye alama ya Windows pamoja na kile kilichoandikwa PrtSc, na picha hujihifadhi yenyewe. Ugumu ni kuipata picha ambayo mtu akishaitazama atataka kuitazama tena.

Picha za kwanza za kijana huyu, kwa kweli, zilikuwa mbovu. Zilijaa mishale ya vipimo vya ndege, namba za mwendo na za kimo, kipande cha ubawa, na alama ya kipanya katikati ya anga kama inzi aliyeangukia maziwa. Basi jambo la kwanza alilojifunza lilikuwa ni kuondoa. Katika mipangilio ya mchezo kuna mahali pa kuyazima maandishi yote yanayoelea kwenye kioo. Kuna pia njia ya kuisimamisha ndege palepale hewani bila kuanguka, na kuna kamera inayoweza kuachana na ndege ikazunguka peke yake, juu, chini, nyuma ya kilima, popote. Alipoyajua hayo matatu akaacha kupiga picha kwa haraka ya mtu anayeogopa kugonga mlima.

Jambo la pili lilikuwa ni jua, na hapa mwalimu hakuwa kijana.

Kijana alikuwa akiipiga Tabora mchana kweupe, kwa kudhani kwamba mwanga mwingi ndio picha nzuri. Mji ukatoka umelala bapa kama mkeka. Tabora iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita juu ya utosi kabisa. Kitu chochote hukalia kivuli chake, na jicho halina la kushika. Tukamshauri apige jioni. Mchezo humruhusu mtu kuchagua tarehe na saa apendavyo, na jua hujiweka mahali pake kwa hesabu. Akaweka mwezi wa Septemba, saa 12:20 jioni, akitegemea kuona machweo. Jua likawa bado liko juu ya upeo wa macho.

“Mchezo umekosea,” akasema.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza siku nyingi. “Mchezo haukukosea. Wewe unatumia jua la Dar es Salaam. Saa yetu ni moja nchi nzima, lakini jua halikuajiriwa na reli. Tabora huchwa karibu nusu saa baada ya hapa.”

Nilikwenda kuihakikisha hesabu hiyo, nami nikakuta mzee hakukosea hata kwa dakika 5. Tabora iko magharibi ya Dar es Salaam kwa kadiri ya nyuzi 6 na nusu, na kila uzi mmoja jua hulipita kwa dakika 4. Zidisha utapata dakika 26. Ni jambo ambalo dereva wa treni hulijua kwa mwili wake, kwa sababu alikuwa akiondoka na saa moja mkononi na kulikuta jua jingine.

Wakasogeza saa hadi saa 1 kasorobo. Ndugu msomaji, laiti ungaliona. Jua lilishuka upande wa Urambo, kila paa likatupa kivuli chake mashariki, vichaka vikapata migongo, na barabara za udongo zikawaka kama zimetoka kumwagiwa maji. Hakuna kilichoongezwa, ni jua tu lililoteremshwa. Kijana akaisogeza kamera mbali na mji kisha akauvuta kwa lenzi nyembamba, vilima vya nyuma vikasogea vikaulinda mji kwa karibu. (Alipojaribu lenzi pana kutoka karibu, mitaa ilijikunja kingoni kama ungo. Ajuaye kupiga picha za arusi anaufahamu ugonjwa huo.)

Sasa nije kwenye mambo ya mashine, ambayo ndiyo huwatoa vijana wetu jasho na kuwatoa wazazi fedha. Mchezo huu ulipotoka ulitaka kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 kwa uchache, na gigabaiti 16 kwa wenye kutaka raha, pamoja na nafasi ya gigabaiti 150 ya kuhifadhia. Ya kijana wetu ina hizo 8 za uchache. Kwa hiyo siku zote hucheza akiwa amepunguza kila kitu: vivuli hafifu, miti michache, mawingu ya kupaka. Akizidisha, ndege huenda kwa kushtukashtuka kama daladala yenye klachi mbovu. Alikuwa amekwisha kuanza kumzungumzia baba yake habari ya kadi mpya ya michoro, na bei aliyoitaja, ndugu yangu, sitaiandika hapa isije ikamfikia mwanao.

Lakini mpiga picha hana haja na mwendo. Mchezaji anahitaji picha 30 au zaidi katika kila sekunde ili ndege iende laini. Mpiga picha anahitaji moja tu. Kijana alipolifahamu hilo akawa na mipangilio miwili: ya kurukia, iliyo hafifu, na ya kupigia picha, ambayo huiwasha ndege ikiwa imekwisha kusimama. Kioo chake kina vitone 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani milioni 2 na kidogo. Katika mipangilio kuna kipimo kinachoiamuru mashine ichore mara 2 zaidi kila upande, vikawa vitone zaidi ya milioni 8, kisha ivibane vyote katika kioo kilekile. Kingo za mapaa zilizokuwa na meno kama msumeno hunyooka. Kompyuta hulalamika kwa feni yake kama gari moshi linalopanda Saranda, kioo huganda, nawe hungoja. Unangoja, unabonyeza, unarudisha vipimo chini. Hiyo ndiyo siri yote, nayo haigharimu kadi mpya.

Katika mengine alichagua kwa busara. Aliongeza vipimo vya ardhi na vya miti, kwa sababu nchi ya Tabora ni ardhi na miti. Aliacha chini vipimo vya mng'aro wa maji, kwa sababu hakuwa akilipiga Ziwa Tanganyika. Mawingu aliyaweka machache na ya juu. Intaneti ndiyo iliyoleta ugomvi, kwani picha za nchi hushushwa humo kila ndege isogeapo, na ukikata mtandao mchezo huchora nchi ya kubuni tu, majani na miti ya popote. Bando liliisha Jumatano badala ya Jumapili. Mama mtu aligundua pia kwamba uniti za umeme zinakwenda kasi, na kwa hilo nilimuunga mkono yeye.

Palikuwa na kosa moja ambalo nalisema kwa sababu naliona kila mahali siku hizi, hata katika picha za harusi na za maiti. Kijana alichukua picha zake nzuri akazitia katika programu ya kurekebishia, akapandisha rangi. Udongo mwekundu wa Tabora ukawa kama nyanya ya kopo. Majani yakawa ya plastiki. Mzee alizitazama kwa adabu, akauliza, “Hapa pameungua?” Kijana akajitetea kwamba babu mwenyewe ndiye aliyesimulia jinsi miombo inavyokuwa miekundu. Ni kweli. Mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla ya mvua kufika, miombo huchipua majani mapya yenye rangi ya shaba, na pori lote huwa kama limevaa kanga mpya. Lakini rangi hiyo huwa katika majani machanga, si katika udongo wala katika mapaa. Tena mchezo hauwezi kuileta kwa kubadilisha tarehe: ukitaja Septemba jua litakutii, ila picha ya ardhi ina msimu wake wa siku ile ilipopigwa, nayo haikutii. Neno hilo, ndugu msomaji, likumbuke, maana tutalirudia kwa huzuni.

Hapa nikaingiwa na udadisi nikawasimulia wote wawili kwamba kuitengeneza picha ya njia ya misafara si mambo yaliyoanza na kompyuta. Stanley na Livingstone walionana Ujiji mwishoni mwa mwaka 1871, kisha wakaja pamoja Tabora, wakakaa katika tembe la Kwihara lililo nje kidogo ya mji. Mwezi wa Agosti 1872 gazeti moja la picha la London lilichapa mchoro wa kuonana kwao, na Stanley, aliyempa mchoraji maelezo, alithibitisha kwamba mchoro ni sahihi sawasawa na picha ya kamera. Kamera haikuwapo Ujiji siku ile. Mwaka huohuo Stanley alipigwa picha pamoja na Kalulu, mtoto mtumwa aliyepewa huku Unyanyembe. Wamesimama katika mavazi ya safarini, na nyuma yao ni pori. Pori hilo lilikuwa ndani ya studio, mjini London. Mamilioni ya watu wameiona Afrika kupitia picha za namna hiyo, hali Kalulu mwenyewe alikufa maji katika mto Kongo mwaka 1877, bado kijana.

Mzee alisikiliza, akasema, “Basi mjukuu wangu hajatenda jipya. Ila asiniambie kwamba ni sahihi sawasawa.”

Na kweli haikuwa sahihi sawasawa. Miji kadhaa mikubwa ya dunia imo katika mchezo huo kwa picha zilizopigwa kutoka pande zote, hata nyumba hutambulika moja moja. Tabora si mmojawapo. Kwa miji iliyobaki, kampuni ya Austria iitwayo Blackshark iliifundisha kompyuta kuzisoma picha za angani, itambue lipi ni paa na upi ni mti, kisha juu ya kila paa iinue nyumba ya kukisia. Zinatajwa nyumba bilioni 1 na nusu zilizojengwa hivyo. Sioni kosa la mtu hapo. Hakuna waashi wa kuzijenga zote kwa mkono. Lakini mashine iliyoko juu angani haijui tembe ni nini, na haiwezi kujua ua wa ndani alikokaa bibi akichambua mchicha. Nyumba ya mzee huyu, ya tofali mbichi na bati, ilikuwa imegeuzwa ghorofa moja yenye madirisha ya vioo. Alicheka mpaka akakohoa. “Marehemu baba angeniuliza fedha nimezitoa wapi.”

Hilo la ghorofa halikumdhuru mtu, kwa sababu wote tulijua.

Sasa sikiliza. Nyuma ya nyumba hiyo kuna kiwanja, na katika kiwanja ipo miembe. Wewe uliyepita Tabora au Ujiji unajua miembe mikubwa kule ina habari gani. Watu huihusisha na misafara, na wazee husema njia ya zamani hufuatwa kwa kivuli chake. Babu wa mzee wetu alikuwa mpagazi katika miaka ya mwisho ya upagazi, kabla reli haijaingia Tabora mwaka 1912 na kuwavua watu mizigo mabegani. Katika safari moja ya kutoka pwani, hivyo ndivyo ukoo unavyosimulia, alitia kokwa za maembe mkobani akaja kuzipanda nyuma ya nyumba. Mzee amekulia chini ya miti hiyo. Mkewe aliozwa chini yake.

Kijana alipiga kiwanja kile kutoka juu kabisa. Ghorofa la kubuni likawa paa tu, na kando yake yakaonekana mabonge ya kijani kibichi, na mashine ilikuwa imepanda miti yake juu ya mabonge hayo. Mzee akavaa miwani, akasogea, akahesabu kwa kidole bila kukigusa kioo. Moja, mbili, mpaka sita.

“Yote ipo,” akasema. “Yote sita ipo.”

Usiku ule alikula chakula chote. Mkwewe alikuja kunisimulia kwa furaha, kwani mzee amekuwa mtu wa vijiko viwili. Hiyo ndiyo picha iliyochaguliwa kuchapwa.

Kijana, kwa kuionea fahari kazi yake, akaituma kwa simu kwa shangazi yake aliyeko Tabora. Shangazi akasifu, kisha naye akatuma picha ya kiwanja hicho aliyoipiga siku ileile kwa simu yake. Ilipigwa mchana, na kwa upande wa upigaji haikuwa na sifa hata moja: imepinda, mwanga mkali, kidole kimeziba pembe. Lakini ilionyesha msururu wa vyumba vya kupangisha, vinne, vyenye bati jipya, na nyuma yake miembe miwili. Minne ilikwisha kukatwa miaka miwili iliyopita. Wadogo zake mzee walipatana hivyo, fedha ikatoka kwa mwanawe aliyeko hapa, yaani baba wa kijana, na wote wakaafikiana kwamba mzee asiambiwe kwa sababu ya afya yake. Picha ya angani iliyomo katika mchezo ilipigwa kabla ya shoka.

Kijana akaja kwangu jioni, hakuketi. “Shikamoo, mjomba. Mimi sikudanganya. Sikuongeza mti hata mmoja.”

“Marahaba. Najua.”

“Sasa nichape ipi?”

Hapo ndipo usingizi wangu ulipopotelea. Nilikwenda kwanza kwa baba yake, kwa sababu siri ilikuwa yake, na mtoto hatumwi kuvunja mlango ulioufunga mwenyewe. Tulizungumza kwa muda mrefu. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Alisema vyumba vile ndivyo vinavyomnunulia mzee dawa, jambo ambalo ni kweli. Alisema mzee hatafika tena Tabora, na kwamba mtu asiye na safari mbele yake ana haki ya kuwa na miti yake. Akaniuliza ni nani atakayepata hasara picha ikitundikwa ukutani.

Nami nilimjibu hivi, na hadi sasa sina hakika kwamba nilimjibu vizuri. Nilimwambia kuwa baba yake aliendesha treni zaidi ya miaka 30, usiku, katika pori, kwa kuamini ishara zilizowekwa na watu asiowaona. Ishara ikisema njia ni nyeupe, alipita. Kazi yake yote ilisimama juu ya imani kwamba hakuna mtu atakayemwonyesha njia nyeupe hali siyo, hata kwa huruma. Jua tuliloliteremsha yeye alijua kwamba tumeliteremsha; alitusaidia. Rangi alipoiona imezidi aliikataa. Lakini ile hesabu ya sita hakuwa na namna ya kuikagua, na ndiyo pekee iliyomfanya ale. Nilimwambia pia, naye hakupendezwa, kwamba kijana alikuwa ametupita sote kwa uaminifu: yeye alidanganywa na tarehe ya picha, sisi wakubwa hatuna pa kusingizia.

Baba hakusema ndiyo. Alisema, “Basi awepo na wewe.”

Kijana alichapa picha zote mbili kwa ukubwa mmoja. Chini ya ile yake aliandika kwa mkono, kwa mwandiko wa shule: Tabora, kutoka mchezo wa kompyuta, picha ya ardhi ni ya zamani, tarehe yake sikuipata, nyumba zimebuniwa na mashine, jua la Septemba saa 1 kasorobo jioni limewekwa na babu na mimi. Chini ya ile ya shangazi aliandika tarehe tu. Nilipoyasoma maneno hayo niliona kwamba hata mimi ninayepokea mshahara kwa kuandika nisingeyapanga vizuri zaidi.

Ijumaa baada ya chakula cha usiku aliziweka zote mbili mezani mbele ya babu yake, akazisoma kwa sauti. Baba yake alisimama mlangoni, mkono juu ya kitasa. Mzee alizitazama, ya kushoto, ya kulia, ya kushoto tena. Feni ya dari ilikuwa inazunguka nami nikawa naisikia kila inapolia. Hakumtazama mwanawe. Aliweka kidole juu ya mmoja wa ile miembe miwili, akakiacha hapo.

“Shangazi yako hii ameipiga saa ngapi?”

“Saa saba mchana, babu.”

“Ndiyo maana. Mwambie apige nyingine jioni. Saa moja kasorobo, asimame upande wa kisimani, jua liwe nyuma ya mti. Na hicho kidole akitoe.”